Samaki Mwenye Sikio

Ukiteremka Mbamba Bay leo ukamuulizia Otilia mchoraji, watakutazama kana kwamba umeulizia treni, lakini sema tu unamtafuta yule binti wa milimani aliyempa samaki sikio, hata anayeumwa malaria atainuka kitandani akusimulie, na atasimulia vizuri kuliko mimi, kwa sababu siku ile yeye alikuwa anacheka na mimi nilikuwa natafuta shimo la kuingia. Kwa hiyo kabla hamjaipata kwa hao, ambao kila mwaka wanaiongezea chumvi, ipokeeni kwa mwenye aibu yake.

Nilikuwa mwaka wa mwisho kwenye kituo kimoja cha ufundi pale Mbinga, nasomea usanifu wa michoro. (Mama akiulizwa na majirani mwanao anasomea nini, alikuwa anajibu "anapaka rangi", halafu anauliza habari za ng'ombe wao.) Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila mwenye mlango akafungua duka, wanunuzi binafsi wa kahawa wakaja na mizani zao, na wote hao, kuanzia kinyozi mpaka mwenye mashine ya kusaga, walitaka bango, na walilitaka jana. Sisi wanafunzi tukajiona watu muhimu sana.

Na kusema kweli nilikuwa nimepiga hatua. Mwaka wa kwanza herufi zangu zilikuwa zinateremka ubao mzima kama mbuzi wanaokwenda mtoni. Mwaka wa pili zikanyooka, nikapewa kazi ya kumchorea kinyozi mmoja wa sokoni kichwa cha mteja, kichwa kikatoka kama boga, kinyozi akakitazama sana akasema kiache, ndivyo vichwa vinavyoletwa hapa. Mwaka wa tatu nikajifunza kivuli, yaani namna ya kukifanya kitu kilicholala bapa kwenye ubao kionekane kina tumbo, na hapo ndipo kiburi kiliponiingia, nikawa natia kivuli kila kitu, mpaka nukta mwisho wa sentensi.

Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Komba, mtu mwembamba na mpole wa upande wa Kigonsera, aliyekuwa na msemo mmoja tu maishani: "Chora unachokiona, usichore unachokijua." Alikuwa pia na sheria moja, na hiyo haikuwa na upole wowote. Kazi ya mwisho ilikuwa ni lazima iwe ya mteja wa kweli, na mteja huyo asimame mbele ya Mwalimu aseme kwa kinywa chake kwamba kazi ameipokea. Asiposema, unarudia mwaka. Kwangu mimi hakukuwa na kurudia, maana kaka yangu Deogratias alishatangaza mezani kwamba mwaka mwingine wa kupaka rangi haupo, nikishindwa kuna kahawa inasubiri kupaliliwa, na jembe alishalitia mpini.

Mteja niliyepangiwa alikuwa Mama Susana, mfanyabiashara wa kule ziwani, aliyekuwa amenunua pikapu kuukuu, milangoni bado ina maandishi ya Kijapani ambayo kila mtu alikuwa anayasoma anavyotaka. Alitaka yafutwe, aandikiwe MBASA WABICHI, na chini yake achorwe mbasa mwenyewe. Mbasa ni samaki mkubwa wa Ziwa Nyasa ambaye watu wa pwani ile wanamsifia kama wengine wanavyowasifia wajomba zao. Sisi wa milimani tulimjua vizuri pia, ila tulimjua mkavu, maana safari ya kupanda huku ilikuwa ndefu na akina mama wa ziwani walikuwa wanambanika kwa moshi kwanza. Mama Susana ndiye aliyekuwa na wazo la kupeleka barafu ziwani kutoka Mbinga, ikiwa imefukiwa kwenye maranda ya mbao, na kurudi na samaki ambaye asubuhi hiyo alikuwa bado anaogelea.

"Teremka ukakae kwa huyo mama," Mwalimu akaniambia. "Mbasa akitolewa majini, wewe uwe pale na penseli."

Sasa mnijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mpaka siku ile nilikuwa sijawahi kulala nje ya nyumba yetu, ukiacha usiku niliozaliwa, na huo niliwekwa hospitali bila kuulizwa. Barabara ya kuteremkia ziwani nilikuwa naijua kwa sifa zake, inajikunja kama utumbo na inawatendea watu hivyo hivyo. Halafu mvua ilikuwa inanyesha, na nyumbani kulikuwa na maharage mapya. Nikajiuliza: mbasa si yupo hapa sokoni? Mwalimu anataka nimwone. Nitamwona.

Basi nikaenda sokoni Mbinga, nikamchagua mbasa mkubwa kuliko wote, muuzaji akanikubalia nikae naye mchana mzima, nikamchora. Na nawaomba msinione mjinga kuliko nilivyo. Yule samaki alikuwa amepasuliwa tumbo, na nilijua kabisa kwamba samaki hazaliwi amepasuliwa, kwa hiyo nikalifunga lile tumbo kwa akili yangu mwenyewe, na nikajipongeza. Mengine yote niliyachora kama nilivyoyaona: rangi yake ya kahawia iliyoiva kama andazi, mgongo uliopinda kidogo, mdomo wazi, jicho jeupe kabisa. Na shavuni palikuwa na tundu, la mviringo, safi. Lile tundu lilinisumbua. Ningemuuliza muuzaji, lakini mtu mwenye cheti cha kidato cha nne anaanzaje kumuuliza muuza samaki habari za samaki? Nikafikiri peke yangu. Nikaona kiumbe anayeishi kwenye maji yenye mawimbi makubwa namna ile lazima awe na pa kusikilizia. Nikalichora, na nikalitia kivuli ambacho mpaka leo sijawahi kutia kizuri kama hicho.

Nikampelekea Mwalimu kile kielelezo.

"Umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona, Mwalimu. Hata nimemshika."

"Huyu samaki ana uhai," akasema. (Mwalimu naye alikuwa amekutana na mbasa pale pale nilipokutana naye mimi, pembeni mwa ugali.)

Pikapu ikaletwa na dereva wa Mama Susana, Kaka Zakayo, Mngoni mtaratibu ambaye kwake samaki wote walikuwa mzigo. Nikafuta Kijapani, nikaandika maneno, nikamchora mbasa mlango wa kulia na mwenzake mlango wa kushoto, Zakayo akasema "amenona", akarudi kulala. Hapo ningeweza kunyamaza, lakini kiburi kikaniambia kazi kubwa haionyeshwi ovyo, nikafunika milango yote miwili kwa khanga mbili za Mama nikisema zisifunguliwe mpaka kule kule, mbele za watu. Ningeiacha wazi, Mama Susana angemwona samaki wake peke yake, tungelia watu wawili tu.

Safari yenyewe sitaieleza. Mwalimu alikaa mbele, mimi nyuma pamoja na makasha ya barafu, na tulipopita Kingerikiti nilikuwa nimesharudisha chai ya asubuhi na nimeanza kurudisha ya jana.

Mama Susana alitupokea ufukweni, mama mpana aliyevaa kitenge kipya, na nyuma yake kijiji kizima, maana gari lilikuwa linabarikiwa na Padri wa Kianglikana alikuwa ameshavaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umepauka hivi, unaumwa?"

"Barabara, mama."

"Ah, nyie wa milimani mnajua kupanda tu. Mpeni uji."

Kati ya waliokuja alikuwepo wifi yake, Mama Tabu, mkuu wa akina mama wabanikaji, na huyo Zakayo alishanionya nijihadhari na ulimi wake. Kwa miezi yote aliyokuwa Mama Susana anahangaikia gari, yeye alikuwa anawaambia watu kwamba Mmatengo, yaani sisi wa milimani, hawezi kununua samaki mwenye maji, atadhani amemwagikiwa. Kwa hiyo siku ile haikuwa ya gari peke yake. Mama Susana alikuwa ameuza mtumbwi wake kwa ajili ya kitu ambacho wifi yake alikuwa anakicheka hadharani, na mlango wa gari ndio ulikuwa ujibu.

Padri akasali, kwaya ikaimba, Mama Susana akafungua khanga ya mlango wa dereva.

Kwaya ikaisha katikati ya neno.

Nilidhani ni heshima. Nikainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea sifa asiyependa makuu. Halafu nikamsikia Mama Tabu, kwa sauti ya taratibu kabisa:

"Wifi, ahsante."

"Ahsante ya nini?" akauliza Mama Susana, bado anatazama mlango.

"Nimekaa kwenye moshi tangu nimeolewa na kaka yako, hakuna hata mmoja aliyewahi kuitangaza mali yangu. Leo wewe umeiweka kwenye gari. Mungu akuzidishie."

Watu wakaanza, kwanza kwa mabega. Mzee mmoja mvuvi akasogea, akaweka uso wake karibu na mlango.

"Huyu amebanikwa," akasema. "Tena na mtu anayejua kazi. Ona jicho lilivyoiva."

"Mdomo je, babu," akasema mwanamke wa nyuma yake, "alikufa anamdai mtu."

"Na tundu la kamba hili hapa. Ametungwa, yuko tayari kwenda sokoni."

Jamani, mtu akipewa nafasi ya kunyamaza ainyakue kwa mikono miwili. Mimi niliyesoma, niliyetia kile kivuli, nikapiga hatua mbele ya kijiji kizima cha wavuvi nikasema:

"Samahani babu, hilo si tundu. Ni sikio."

Sijui niwaeleze vipi kilichofuata. Kwaya ilikaa chini mchangani, sauti zote nne. Padri aligeukia ziwa akawa kama anasali tena, lakini joho lilikuwa linatikisika. Mzee akanishika mkono kwa huruma akaniuliza kama samaki wangu nikimwita anaitika. Mwalimu Komba alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akautazama mlango, akaivua tena.

Mama Susana hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko barabara.

"Mwanangu," akasema, "nimewaahidi watu wa Mbinga mbasa aliyeamka nao siku moja. Sasa nipande na huyu aliyekufa juzi, niwaambie ni mbichi, wamwamini nani, mimi au mlango?"

Mwalimu akakohoa. "Mama, sheria yetu nadhani unaijua. Kazi umeipokea, au hukuipokea?"

"Niipokee niiweke wapi, mwalimu?"

Niliiona kahawa. Nawaambia niliiona kabisa, mstari kwa mstari, na Deogratias amesimama mwanzoni na lile jembe. Nadhani jembe ndilo lililonisemesha, kwa sababu nilijisikia nikisema, "Mama, nipe mbasa mbichi. Nitamchora sasa hivi."

"Barafu inayeyuka," akasema Zakayo.

"Nitaiwahi."

Kwenye kikapu changu nilikuwa na mabaki ya rangi: nyeusi, nyeupe, bluu, na kopo dogo la ile rangi ya fedha wanayopakia mageti. Nikamwomba Zakayo petroli ya kufutia. Akaniambia petroli ile ni ya kupandia mlima, nikamwambia na samaki huyu mlima haupandi, akatoa. Rangi ya jana ilikuwa bado haijakauka sawasawa, nikisugua inatoka, lakini inatoka kuja kwangu: mikononi, kifuani, kwenye blauzi nyeupe ya kituo niliyoipigia pasi kwa ajili ya sifa. Nilipomaliza mlango ulikuwa umebaki maneno tu, na mimi nilikuwa kahawia mpaka shingoni.

"Haya, wamembanika na fundi," akasema Mama Tabu, na huyo huyo ndiye aliyekwenda kwenye mtumbwi uliotoka kutia nanga akarudi na mbasa amemshika chini ya mashavu. Akasimama pembeni ya mlango, akamwinua. "Tazama basi. Usije ukasema hukuonyeshwa."

Nikainama nimwone vizuri, samaki akanipiga kofi la mkia usoni. (Waliokuwa wameacha kucheka wakaanza upya.) Lakini nikamwona. Alikuwa anang'aa mwili mzima, mgongoni ana rangi kama ya ziwa likiwa na wingu, na tumbo lake halikuwa jeupe wala halikuwa la fedha, lilikuwa linachukua kila kilichokuwa karibu, mchanga, kitenge cha Mama Tabu, mpaka blauzi yangu. Na ile rangi ilikuwa inamtoka nikiwa natazama. Kila nikiinua macho imepungua. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Mwalimu alitaka niwe pale na penseli wakati anatolewa majini, na kwamba miaka yote mitatu nilikuwa nachora vitu vinavyokusubiri.

Sikuchora kwa penseli. Hapakuwa na nafasi ya kivuli. Nilichovya brashi nikavuta mgongo kwa mara moja, kama mtu anayechana kitambaa, na nyuma yangu nilikuwa na walimu kijiji kizima.

"Usimnenepeshe, si ng'ombe huyo."

"Mkia, binti, mkia. Atakimbiaje na mkia huo?"

"Mdomo ufunge, wa kwanza alishaongea ya kutosha."

"Sikio je, tumwachie?"

Nikawa nasikia na kufuata, isipokuwa la sikio. Rangi ya fedha niliikung'uta mpaka chini ya kopo, na tone la mwisho nikaliweka jichoni, nikarudi nyuma. Ubavu mmoja ulikuwa umechuruzika kidogo na pezi moja lilikuwa refu kuliko haki yake. Lakini alikuwa anakwenda mahali. Mzee mvuvi akazunguka akamtazama kwa upande, akasema huyu hata yeye angemtupia wavu, ingawa wavu mdogo.

Ndipo Zakayo, ambaye siku nzima hakuwa amesema la maana, akauliza, "Na mlango wa pili?"

Nilikuwa nimeusahau. Khanga ilikuwa bado inaning'inia, chini yake yule mwingine na sikio lake, na kopo tupu. Na makasha yalikuwa yanadondosha maji mchangani, tii, tii, tii.

Mama Susana akaenda upande ule, akafunua, akamtazama. Akarudi kulia, akamtazama wa fedha. Akaenda tena kushoto. Hakuna aliyethubutu kumsemesha, ila mmoja.

"Wifi," akasema Mama Tabu, bado ameshika mbasa wake, ambaye sasa alikuwa amepoa kabisa, "huo upande usiufute. Nina matenga mawili pale nyumbani, yamekauka vizuri, na lori la kuyapandisha nimelisubiri mpaka nimechoka."

"Wewe si ulisema gari langu halitapata mteja?"

"Nilisema Mmatengo hataki samaki mwenye maji. Huyo mkavu nilimtaja?"

Mama Susana akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, cha kwanza siku ile, mpaka akaegemea boneti. "Lete matenga yako," akasema. "Wabichi watauzwa mlango wa dereva, wakavu mlango wa abiria, na atakayenunua wote wawili nitamsalimia kwa jina."

Mwalimu Komba akaona nafasi. "Kwa hiyo, mama, kazi umeipokea?"

"Nimeipokea, mwalimu. Ila alizibe lile sikio. Hata mkavu wetu hana sikio."

"Azibe nini," Mama Tabu akaruka, "wangu nitamtungia wapi?"

Wakabishana pale, mawifi wawili, kwa mara ya kwanza siku ile wakiwa upande mmoja wa biashara, mpaka Padri akaamua: tundu libaki, ila lichorewe kamba, kila mtu aelewe. Nikafuta WABICHI nikaandika WAKAVU, na kamba nikaichora kwa rangi nyeusi iliyobaki. Ndiyo kitu pekee kwenye ule mlango ambacho hakuna aliyekikosoa.

Tulipanda na kurudi tumejaa, mimi nyuma kati ya mbichi na mkavu, nanuka yote mawili pamoja na petroli. Tuliposimama njiani kuongeza maji kwenye rejeta Mwalimu akaja nyuma, akanikabidhi leso yake nifute uso, ingawa haikuwa na uwezo huo.

"Mlango wa kulia umefaulu," akasema. "Wa kushoto umesamehewa."

Na Mbinga walinunua, tena wabichi waliisha kwanza, na Deogratias alinunua mmoja akaja naye nyumbani akauliza mbona huyu anakunjika. Jembe akamkabidhi mtu mwingine.

Kwa hiyo nilijiwekea nadhiri, na naishika mpaka leo ingawa inanikosesha kazi: kitu ambacho sijakiona kikitembea, kikiogelea au kikinikimbia, mimi sikichori. Juzi kaja bwana mmoja kutoka Mpepai, amefungua mashine ya kusaga, anataka jina SIMBA na simba mwenyewe ukutani, ananguruma. Nikamuuliza simba amewahi kumwona, akasema hapana. Nikamwambia na mimi hapana. Tukatazamana. Nje ya mlango wangu mbuzi wa jirani alikuwa anakula maua yangu, yuko hai kabisa. Bwana yule alikataa kwa saa nzima, lakini mashine inaitwa MBUZI, na unga wake nasikia ni laini.